Buti la Mpira na Matope ya Kahuzi

Katika maduka ya Ulaya na Marekani yauzayo zana za uwindaji, kiatu cha mwindaji ni bidhaa yenye hadhi yake: kina ngozi nene iliyopakwa nta, shingo inayopanda juu ya kifundo cha mguu, soli yenye meno marefu, na ndani yake utando unaosifiwa kwamba huzuia maji yasiingie huku ukiruhusu jasho litoke. Kimebuniwa kwa ajili ya mtu anayetembea saa kadhaa kwenye nyasi zenye umande au kwenye miamba ya milima ya baridi, kisha jioni akakivua ndani ya nyumba yenye joto, ambamo hukauka usiku kucha. Kiatu hicho kikiletwa Bukavu, jiji lililokaa juu ya rasi na vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, na kikapandishwa kilomita zipatazo 30 hadi kituo cha Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, sifa zake nyingi hugeuka kuwa kasoro, na mvaaji wake huishia kumtazama kwa wivu mbeba mizigo aliyevaa buti la mpira lililonunuliwa sokoni kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Buti hilo ndilo liitwalo bote, kwa wingi mabote, katika mitaa ya Bukavu, kutokana na neno la Kifaransa, na ndilo ambalo wasemaji wa Kiswahili wa Kenya na Tanzania hulijua kwa jina la gambuti. Katika misitu ya Kivu Kusini, bote ndilo kiatu cha mwindaji hasa, ingawa wauzaji wa zana za uwindaji hawalipi heshima hiyo. Lakini linastahili jina hilo pale tu lilipochaguliwa kwa makini, kwa sababu bote baya humchubua mtu kisigino, humng'oa kucha na kumwangusha mteremkoni upesi kuliko kiatu kingine chochote.

Neno mwindaji nalo linahitaji maelezo, kwa kuwa ndani ya hifadhi hiyo kuwinda ni kosa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikiwa na kilomita za mraba 600 za msitu wa milimani. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000 kwa kuunganishwa na msitu wa nyanda za chini upande wa magharibi, mwaka 1980 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka 1997, vita vikiwa vimeshaingia Kivu, ikawekwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, uwindaji nchini Kongo unaongozwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, inayomtaka mwindaji awe na kibali, na gorila wa Grauer, yaani gorila wa nyanda za chini za mashariki ambaye ndiye fahari ya Kahuzi-Biega, haruhusiwi kuguswa popote alipo. Wawindaji stadi kuliko wote ambao msitu huo umewahi kuwajua, Batwa, waliondolewa humo kwa ajili ya hifadhi katika miaka ya 1970, na madai yao ya ardhi yamefika hadi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mababu zao waliwafuata nguruwe mwitu na funo kwa mbwa, mikuki na nyavu, miguu mitupu. Kilichobaki halali hifadhini ni nusu ya kwanza ya kazi ya mwindaji, ile isiyomwaga damu, nayo ni kufuata nyayo. Hufanywa na walinzi wanaosaka mitego ya waya, na wafuata nyayo ambao asubuhi huanzia mahali kundi la gorila lilipoachwa jana, wakatafuta viota vya usiku, kinyesi na mashina yaliyovunjwa, mpaka walikute. Watafiti, wageni, wabeba mizigo na, nje ya hifadhi, wachimba dhahabu wa Mwenga na Shabunda hukanyaga matope ya aina ileile, hivyo yanayosemwa kuhusu mguu wa mfuata nyayo yanawahusu pia.

Matope hayo ndiyo mwalimu wa kwanza wa anayechagua kiatu. Bukavu na milima iliyo magharibi yake imekalia kwa sehemu kubwa basalti, yaani mwamba uliotokana na volkano za kale, ambao kwa kunyeshewa na kuoza kwa muda mrefu umekuwa udongo wa mfinyanzi, mwekundu, mzito na wenye kunata. Mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na hata katika kiangazi cha Juni hadi Agosti njia zilizo chini ya miti hazikauki sawasawa. Msitu wenyewe unapanda kuelekea kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308 na cha Biega chenye mita 2,790, ukipita katika mianzi iliyosongamana na mabonde yenye vinamasi, ambamo mtu akikosea jiwe au kisiki cha kukanyaga huzama hadi magotini. Katika mazingira hayo swali la iwapo mguu utalowa halina maana kubwa, kwa kuwa utalowa. Swali la maana ni kiatu kitafanya nini na maji na tope baada ya kuingia, na kitakuwa na hali gani kesho alfajiri mwenyewe anapokihitaji tena.

Mfinyanzi unaonata huijaza soli. Soli yenye meno madogo yaliyobanana, kama ile ya viatu vya kukimbilia, huonekana ina nguvu ya kushika ikiwa dukani, lakini baada ya hatua 20 za mteremko nafasi zote kati ya meno huwa zimeshindiliwa udongo, na mvaaji hubaki akitembea juu ya ubao laini uliopakwa utelezi. Kinachotakiwa ni meno machache, marefu, yaliyoachana, yenye mifereji inayotokea pembeni ili kila hatua iusukume udongo nje. Jeshi la Marekani lililijua hilo kwa taabu katika misitu ya kitropiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na soli iliyobuniwa kutokana na taabu hiyo, iitwayo soli ya Panama, bado inanakiliwa na watengenezaji wa viatu vya msituni. Mnunuzi asiye na kipimo chochote anaweza kutumia ncha ya kidole chake: ikiingia bila shida kati ya jino na jino na kugusa kitako cha soli, kuna matumaini. Kisha ageuze kiatu na kutazama kisigino, ambacho hakina budi kuwa na ngazi iliyo wazi, yaani ukuta mfupi unaokitenga na sehemu ya katikati ya soli, kwa kuwa ukuta huo ndio breki ya mtu anayeteremka, na soli tambarare isiyo na ngazi humfanya ateremke kwa makalio.

Mianzi ina hatari yake. Mashina yaliyoanguka huteleza kuliko tope lenyewe, na yaliyokatwa kwa panga na waliotangulia huacha visiki vilivyochongoka kwa mshazari, vigumu kama mkuki, vikiwa vimefichwa na majani. Ndiyo sababu mabote ya viwandani yenye bamba la chuma ndani ya soli yanafaa kutazamwa. Katika mfumo wa viwango vya Ulaya, bote lenye alama ya S5 lina kofia ngumu, mara nyingi ya chuma, inayokinga vidole na bamba linalozuia soli isitobolewe, na lenye alama ya S4 lina kofia bila bamba, wakati O5, isiyopatikana kwa urahisi, ina bamba bila kofia. Alama hizo huchorwa kwenye bote lenyewe, mara nyingi shingoni au karibu na soli, na wauzaji wengi hawazisomi. Kwa mchimba dhahabu anayeangusha mawe, kofia ya chuma ni uhai. Kwa mtu wa kuteremka milima siku nzima ni adui, kwa sababu vidole huigonga kila hatua, na uzito ulioongezwa mguuni huchosha kuliko uzito uleule ukibebwa mgongoni. Anayeipata O5 katika rundo la bidhaa mchanganyiko asiiache.

Historia ya bote inaeleza kwa nini kiatu hiki kinapatana na tope. Duki wa Wellington, jemadari wa Uingereza aliyemshinda Napoleon mwaka 1815, ndiye aliyelipa buti la aina hii jina lake huko Uingereza, lakini la kwake lilikuwa la ngozi. Mpira wa asili wakati huo haukufaa kwa viatu, kwa sababu uliyeyuka kwa joto na kupasuka kwa baridi, mpaka mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alipogundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa huwa mgumu, hunyumbuka na kubaki hivyo daima. Njia hiyo ndiyo iitwayo vulkanaizesheni. Mwaka 1853 Mmarekani mwingine, Hiram Hutchinson, aliyepata kwa Goodyear haki ya kuitumia, alifungua kiwanda Ufaransa na kuanza kuwauzia mabuti ya mpira wakulima ambao kabla ya hapo walilima kwa viatu vya mbao. Bote lilizaliwa shambani, na jukwaa lake la kwanza lilikuwa tope. Kinachosahauliwa ni upande wa pili wa biashara hiyo: Ulaya ilipozidi kuutamani mpira, mwishoni mwa karne ya 19, sehemu ya mpira huo ilikamuliwa kutoka kwenye mimea itambaayo ya Landolphia katika misitu ya Kongo, chini ya utawala wa Mfalme Leopold II uliodumu kuanzia 1885 hadi 1908, kwa vijiji kutekwa mateka, kuchapwa viboko na kuuawa. Msitu uliotoa mpira kwa damu leo unanunua mabote yanayotoka viwandani ng'ambo, na mengi kati ya hayo hayana hata tone la mpira.

Hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza mtu anaposimama mbele ya mabote yaliyopangwa katika soko la Kadutu au la Nyawera. Neno mpira hutumika kwa bidhaa mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni mpira wenyewe, uliopitia vulkanaizesheni, unaoungwa tabaka kwa tabaka juu ya kitambaa. Ya pili ni plastiki iitwayo PVC, inayoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, yaani kifaa cha chuma chenye umbo la kiatu, hadi bote zima litoke kwa mkupuo mmoja. PVC hujitambulisha kwa mng'ao, kwa harufu ya plastiki mpya, na kwa mstari mwembamba unaoshuka mbele na nyuma ya bote pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Mpira halisi hauna mng'ao mwingi, ni mzito kidogo, na ukikaa dukani huweza kutoa unga mweupe mwepesi juu yake, ambao mnunuzi asiyejua huudhania ukungu kumbe ni viungo vya ndani vinavyojitokeza, na hufutika kwa kitambaa. Jaribio la uhakika ni kulikunja bote kwa nguvu pale vidole vya mguu vinapopinda: mpira hurudi kama ulivyokuwa, bali PVC duni huacha mkunjo unaogeuka mweupe, na hapo penye weupe ndipo litakapopasukia. Hii haina maana kwamba PVC ni ya kutupwa, kwani iliyo nzuri haidhuriki kirahisi kwa mafuta na humudiwa na mfuko mwembamba. Ila asubuhi za baridi za mlimani huifanya iwe ngumu, na ugumu huo husikika kwanza kwenye muundi.

Hata bote la mpira bora kuliko yote halifai kitu lisipomkaa mtu vizuri, na hapa ndipo makosa yanapofanyika mengi, kwa sababu bote halina kamba. Kiatu cha ngozi kilichopwaya hukazwa. Bote lililopwaya hubaki hivyo hadi litakapotupwa. Namba za viatu zinazotumika Kongo ni za Kifaransa, ambazo kila moja ni sawa na theluthi mbili za sentimita, hivyo mtu anaweza kujipimia mwenyewe kwa kusimama juu ya karatasi, kuweka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili), kuongeza sentimita moja na nusu ya nafasi, kisha kuzidisha jumla kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 26 huhitaji nafasi ya sentimita 27.5, na 27.5 mara moja na nusu ni 41.25, basi namba yake ni 41. Apime miguu yote miwili, kwa kuwa ni watu wachache walio na miguu iliyolingana, na afuate ule mrefu. Apime jioni, baada ya kutembea, mguu ukiwa umevimba kama utakavyovimba msituni, na avae soksi zilezile atakazozivaa safarini. Katika mitumba ya kutoka Uingereza atakutana na namba nyingine, ambamo 8 inakaribia 42, na hapo karatasi yake ya vipimo itamsaidia kuliko maneno ya muuzaji.

Jaribio linalofuata ni la mteremko, na katika jambo hili mkazi wa Bukavu ana bahati ambayo mkazi wa Kinshasa au wa Dar es Salaam hana: akitoka kibandani, mteremko uko mlangoni. Avae mabote yote mawili, apande hatua 20 kwa haraka, kisha ageuke na kushuka kwa kishindo. Wakati wa kupanda kisigino kitainuka kidogo ndani ya bote, na hilo halizuiliki. Kikiinuka zaidi ya upana wa kidole, soksi itasuguana na ngozi hadi itoe lengelenge kabla ya saa sita mchana. Wakati wa kushuka vidole visiguse mbele hata mara moja. Kidole kinachogusa mara moja katika hatua 20 kitagusa mara mamia kwa siku, na kucha iliyogeuka nyeusi ni ushahidi wa bote fupi, wala si wa safari ngumu. Shingo ya bote nayo ichunguzwe: ikiwa pana mno humeza majani, mchanga na siafu, ikiwa nyembamba mno hubana shavu la mguu na kuzuia damu, na kipimo kizuri ni kwamba vidole viwili vipite kati yake na mguu uliovaa suruali.

Siafu wanastahili sentensi zao, kwani kila aliyetembea Kahuzi-Biega anawajua. Suruali ikichomekwa ndani ya bote, na hasa ikichomekwa ndani ya soksi kwanza, siafu hukosa njia ya haraka. Lakini mvua ikinyesha, maji yanayotiririka kwenye suruali hushuka moja kwa moja hadi vidoleni. Suruali ikiachwa nje ya bote maji hudondoka nje, na siafu hupanda. Hakuna bote linalotatua fumbo hilo, na anayejua msitu hubadilisha mtindo kufuatana na anga na ardhi, pengine mara kadhaa kwa siku moja.

Kuhusu soksi, pamba ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hunyonya maji, hukunjamana na kukaa na unyevu mpaka ngozi ya unyayo iwe nyeupe na yenye mikunjo kama ya dobi. Sufu hubaki na joto hata ikilowa, lakini ni adimu. Suluhisho la karibu ni soksi ndefu za wachezaji wa kandanda, zilizofumwa kwa nyuzi za viwandani, ambazo hupanda hadi juu ya shingo ya bote na kuikinga miundi isichubuliwe, na zinapatikana kila mahali panapochezwa mpira. Pea mbili zinatosha, moja mguuni na moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, ya kuvaliwa jioni.

Afya ya mguu haiishii kwenye malengelenge. Katika nyanda za juu zenye udongo wa volkano, kama zile za Ethiopia, Rwanda, Uganda na Kameruni, wataalamu wameeleza ugonjwa uitwao podokoniosisi, ambapo chembe ndogo za madini ya udongo mwekundu hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku kwa miaka mingi na kuiziba mishipa ya limfu, hadi mguu uvimbe kama wa tembo. Kinga yake ni kuvaa viatu na kunawa miguu. Nyoka nao huuma zaidi chini ya goti, na ingawa hakuna mtengenezaji wa bote la kawaida anayeweza kuahidi kwamba linazuia meno ya nyoka mkubwa jamii ya bafe, ukuta wa mpira uliokaa mbali kidogo na ngozi ni afadhali kuliko ngozi tupu. Shirika la Afya Duniani lilirejesha sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wanaoathirika zaidi ni wakulima na wachungaji, watu wale wale ambao kwao bei ya bote ni jambo la kufikiriwa mwezi mzima.

Kiatu cha ngozi hakijanyimwa nafasi yake. Anayepanda kilele cha Kahuzi katika kiangazi atakishukuru kwa namna kinavyoshika kifundo cha mguu, jambo ambalo bote haliwezi. Lakini yafaa ajue udhaifu wa ule utando unaosifiwa. Jasho hutoka kama mvuke kwa sababu hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani ya kiatu. Katika msitu ambao hewa yake imeshiba unyevu, tofauti hiyo hupungua hadi karibu kutoweka, na tope linapoifunika ngozi kwa nje, utando hubaki umefungwa kama dirisha lililopakwa lami. Kinamasi kinapovuka shingo ya kiatu, utando uliozuia maji yasiingie huyazuia pia yasitoke. Bote hujaa vilevile, lakini humwagwa kwa kuinua mguu, hufutwa ndani kwa kitambaa na kuvaliwa tena, wakati kiatu cha ngozi kilicholowa huhitaji siku mbili za jua ambazo mlima hauna.

Hatari kubwa zaidi ya viatu vya ngozi katika masoko ya Bukavu imefichwa ndani ya vile vinavyopendeza kuliko vyote. Katika mitumba hutokea kiatu cha milimani cha jina kubwa, hakijachakaa, soli yake nzima, na bei yake ikiwa sehemu ndogo ya bei ya Ulaya. Mnunuzi huona amebahatika. Kati ya soli ya chini na ngozi, hata hivyo, viatu vingi vya namna hiyo vina tabaka jepesi la kupunguza kishindo, lililotengenezwa kwa poliyurethani, nayo ni plastiki ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu ndani kwa ndani kwa njia ya kikemia iitwayo hidrolisisi, hata kama kiatu hakijavaliwa. Baada ya miaka kadhaa ghalani hubaki umbo tu. Siku ya kwanza mlimani tabaka hilo humeguka kama keki iliyochacha, na soli nzima hubaki kwenye tope huku mwenyewe akiendelea mbele. Kulitambua si kazi: kucha ya kidole gumba ikibonyezwa kwenye ukingo wa tabaka hilo, lililo zima hubonyea na kurudi, lililooza huacha shimo, hunata au hutoa vumbi. Kiatu kilichoshonwa soli kwa uzi, ambao huonekana ukizunguka ukingo, kwa kawaida hakina maradhi hayo na hubadilishwa soli na fundi yeyote mwenye sindano nzito, hivyo kati ya kiatu kipya kilichogundishwa na cha zamani kilichoshonwa, cha zamani ndicho cha kununua.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika kanuni hizi zote hupinduka. Katika miombo mikavu ya Tabora na Rungwa, ambako Tanzania imekuwa ikiwaruhusu wawindaji wenye leseni, kinachotafutwa ni kiatu chepesi chenye soli nyembamba, kwa sababu adui wa mwindaji huko ni mlio wa tawi kavu, na soli nene haimwambii mguu kwamba tawi lipo. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe huwinda kwa upinde wakiwa wamevaa katambuga, ndala zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, ambazo miiba ya migunga hushindwa kuzipenya. Jina lenyewe lasema ukweli: ni za kukatia mbuga. Mtu angekuja nazo Kahuzi, tope lingemvua katika bonde la kwanza.

Kuna kiatu kimoja ambacho raia wa Kivu hana budi kukiepuka hata kikimfaa kwa kila kipimo, nacho ni buti la kijeshi. Lina soli nzuri, limeshonwa imara, na mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu. Lakini katika mkoa wenye majeshi na makundi mengi yenye silaha, na hasa tangu wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, mtu anayekutwa msituni na viatu vya askari anaweza kuulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Bote jeusi nalo halina usalama kamili, kwa kuwa wapiganaji pia hulivaa, na hapo rangi nyingine, hata ile nyeupe ya wafanyakazi wa machinjio inayochafuka kwa hatua tatu, huwa na faida isiyoandikwa kwenye kiwango chochote.

Baada ya kununua huja matunzo. Bote huoshwa kwa maji na brashi kila jioni, na karibu na gorila huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kwa sababu gorila huambukizwa maradhi ya binadamu, na udongo wa soli husafirisha mayai ya minyoo kutoka kijijini hadi kwenye viota. Hukaushwa kwa kuchomekwa kichwa chini juu ya vijiti viwili vilivyosimikwa ardhini, kivulini, kamwe si kando ya moto wala juani, kwani joto na jua huupasua mpira mwufa mmojammoja.

Likitoboka, fundi huanza kwa kuuliza ni la nini. PVC huyeyuka, hivyo hushika kisu alichokipasha moto kwenye makaa, akayeyusha kingo za tundu pamoja na kipande kilichokatwa kwenye bote bovu, akazibana hadi zigande kitu kimoja. Mpira uliopitia vulkanaizesheni hauyeyuki tena, na kisu cha moto huuchoma na kuutoa moshi tu. Huo hukwaruzwa kwa msasa hadi uparuze, hupakwa gundi ya matairi, huachwa dakika chache gundi ikauke kiasi cha kunata kidoleni, kisha hubandikwa kiraka kilichokatwa mviringo kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, kwa kuwa kiraka chenye pembe huanza kubanduka pembeni. Tundu likiwa chini ya soli, kiraka hukatwa kwenye tairi la pikipiki, nacho huja na meno yake, yasiyofanana na ya soli iliyokizunguka. Kuanzia siku hiyo mwenye bote hilo huacha kwenye tope la Tshivanga alama ambayo hakuna mwingine anaiacha, na wafuata nyayo wanaopita baadaye huinama, wakaitazama, wakajua ni nani aliyetangulia na alielekea wapi.